Mombasa, Ongea na Watu Wako

Kagio niliingia alfajiri, Septemba 2016, ndani ya lori la makreti matupu. Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori hilo. Lilikuwa likichukua nyanya huko Kirinyaga na kuzishusha sokoni Kongowea, Mombasa, na likirudi bara hurudi na makreti ya mbao yaliyopangwa hadi juu na kufungwa kwa kamba. Tulitoka Kisauni mchana, tukala Mtito Andei saa nne za usiku, tukapita Nairobi watu wamelala. Kulipoanza kupambazuka tulikuwa tumeshaacha Thika na Makutano, tunaikaribia Sagana. Hapo Sagana tukakata kulia, na mjomba akanigusa bega.

"Tazama kule."

Mlima Kenya ulikuwa wazi, mweusi chini, mweupe kileleni. Mimi nimelelewa mahali ambapo bahari iko hatua chache tu na kilima kirefu ni daraja la Nyali. Sasa nilikuwa nautazama mlima wa mita 5,199 kupitia kioo cha lori chenye vumbi la Voi, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba nyumbani ni mbali sana. Kufika saa tatu mawingu yalikuwa yameufunika wote. Baadaye nilikuja kuielewa tabia yake: anayetaka kuuona na aamke mapema.

Begini nilikuwa na barua ya kuitwa chuoni. Ilikuwa imeandikwa Chuo Kishiriki cha Kirinyaga, kwa sababu wakati huo chuo kilikuwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mwezi uliofuata, Oktoba 2016, kikapewa hati na kuwa chuo kikuu kamili. Chuo kiko Kutus, lakini mimi nilikaa Kagio. Sababu ni mjomba. Alikuwa akimjua mama mmoja mfanyabiashara wa nyanya, mwenye vyumba vya kupanga nyuma ya nyumba yake, na mamangu alikuwa amesema hatanilaza mahali asipomjua mtu. Kwa mtu wa haya kama mimi, huo ulikuwa uamuzi mwema kuliko yeyote kati yetu alivyojua siku ile.

Nilimwamkia yule mama kama nilivyofunzwa. "Shikamoo mama." Akanyamaza kidogo, akacheka kwa wema, akasema, "Mzuri." Halafu akanipa ufunguo, akanionyesha bomba la maji, na akarudi sokoni.

Hapa inanibidi niseme kidogo juu ya haya, maana ndiyo niliyokwenda nayo Kagio, kuliko nguo na vitabu.

Kwetu haya ni sifa. Mama akitaka kumsifu kijana mbele ya wageni husema, "Yule ana haya zake." Na tusi linalouma ni kumwambia mtu hana haya. Nilifunzwa nisimkazie macho mkubwa, nisimkate kauli, nisitangulie kusema pasipo kuulizwa. Wadogo zangu waliyashika mafunzo hayo nusunusu. Mimi niliyashika yote. Majirani walinitolea mfano. Nikamaliza kidato cha nne nikiwa mtoto anayesifiwa na kila mtu, na anayesikika kwa nadra.

Chuoni nikakuta jambo lile lile linaitwa aibu, na linahesabiwa kuwa kasoro ya kuondolewa haraka. Wiki ya kwanza tulikusanywa ukumbini, mamia yetu, tukaambiwa kila mmoja katika safu yake asimame aseme jina, anakotoka na atakachosomea. Hakukuwa na ubaya wowote katika jambo hilo. Wenzangu walisimama, wakasema, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa wa tisa kwenye safu. Nilihesabu. Nililipanga jina langu kichwani kama mtu anayepanga hotuba ya Bungeni. Zamu ilipofika nilisimama, mdomo ukafunguka, na sauti haikutoka. Sikutetemeka wala sikulia. Sauti haikutoka, basi. Mwenzangu wa kulia, ambaye tulikuwa tumesalimiana tu mlangoni, akaniokoa: "Huyu anatoka Mombasa."

Ukumbi ukachangamka. "Mombasa! Mombasa!" Na tangu siku hiyo jina langu chuoni likawa hilo.

Jina hilo liliniongezea mzigo. Watu wa bara wana picha yao ya mtu wa Pwani: mcheshi, mwenye maneno matamu, anayeweza kukaa barazani kutwa akitia watu vicheko. Kila aliyesikia nimetoka Mombasa alisogea akitarajia Kiswahili cha kumwaga, na mimi nilimpa "ndiyo", "hapana" na "sijui". Niliwaona wakirudi nyuma polepole. Hawakunidharau, na hilo nataka liandikwe. Walidhani naringa. Mkimya akitoka kijijini huhurumiwa, lakini mkimya akitoka mjini huonekana ana maringo.

Sehemu ngumu ya siku haikuwa darasani. Darasani unaweza kukaa nyuma na kuandika. Shida ilikuwa matatu ya jioni. Kutoka Kutus kuja Kagio ni safari fupi, na nyumba niliyokuwa nikikaa ilikuwa kabla ya kufika stejini. Anayetaka kushuka hapo husema neno moja tu, "Shukisha," au hugonga bodi ya gari kwa kidole cha pete. Mimi neno hilo halikunitoka muhula mzima. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo abiria mwingine ashuke pale. Akishuka, nami nilishuka kama kwamba ndivyo nilivyopanga. Asiposhuka, nilipelekwa hadi stejini, nikarudi kwa miguu kando ya barabara, giza likiingia, bodaboda zikinipita na magunia ya mchele. Chakula nacho nilikula katika hoteli moja tu, kwa sababu mhudumu alikuwa amekwisha kuzoea kuniletea chapati mbili na maharagwe bila kuniuliza. Nauli niliitafuta kamili tangu asubuhi ili nisije nikadai chenji.

Nayasimulia haya madogo kwa sababu najua yuko kijana anayeyafanya leo, katika mji mwingine, na anaamini ni yeye peke yake duniani.

Desemba nilikwenda nyumbani. Mama aliniuliza chuo kikoje, nikasema kizuri. Aliniuliza marafiki je, nikasema wapo. Januari ilipoanza nikarudi Kagio na nauli ya mwisho aliyoweza kuitafuta kwa kuuza viazi karai na mbaazi.

Tarehe 19 Januari 2017 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini kote wakagoma. Madai yao yalihusu mkataba wa mishahara wa 2013 hadi 2017 uliokuwa haujatekelezwa. Sisi wa mwaka wa kwanza tulidhani ni jambo la siku tatu. Wiki ikapita. Wenzangu wa Kerugoya, Embu na Nyeri wakafunga mabegi wakaenda kwao. Mimi nilihesabu fedha: shilingi 1,400, na kodi ya chumba ilikuwa bado. Mkopo wa masomo wa HELB ulikuwa haujaingia. Kwenda Mombasa nisingeweza, na hata kama ningeweza, ningekwenda kumwambia nini mama?

Nilijifungia chumbani siku nne. Jioni ya nne yule mama akabisha hodi kwa ngumi, akasimama mlangoni na leso yenye madoa ya nyanya.

"Mombasa, chuo imefungwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unakaa tu hapa?"

Sikuwa na jibu.

"Kesho saa kumi na moja asubuhi uamke."

Wahenga wetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa amenistahi miezi minne.

Soko la Kagio lina kila kitu cha nchi ile: mchele wa pishori kutoka mashamba ya Mwea, maharagwe, mishiri, ndizi, matango, vitunguu. Lakini nyanya ndizo zinazoliamsha. Kabla jua halijatoka, pikapu na mikokoteni ya punda huingia kutoka mashambani, mabroka wanaranda na tochi za simu, na wabebaji wanapita wameinama na makreti migongoni wakipiga kelele watu wapishe. Harufu ya pale siwezi kuisahau: majani mabichi ya mnyanya, mbao mpya, moshi wa dizeli na chai ya maziwa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchagua. Tulikaa watu sita tumezunguka turubai, wanawake watano na mimi, na nyanya zikamwagwa katikati. Unaichukua moja kwa mkono wa kushoto. Unaigeuza kwa kidole gumba hadi kikonyo kikutazame. Hapo penye kikonyo ndipo unapotafuta tundu, dogo kama lililotobolewa kwa sindano, lenye weusi pembeni. Hiyo ni kazi ya mdudu anayeitwa tuta, ambaye aliingia Kenya 2014 na kuwatia wakulima hasara kubwa. Nyanya yenye tundu hilo inaweza kuonekana nzuri leo, na ikafika Mombasa imegeuka maji. Isiyo na tundu unaiangalia rangi. Ya kijani tupu inangoja. Iliyoiva nyekundu inauzwa hapo hapo, au inakwenda Nairobi, ambako ni takriban kilomita 100. Inayoanza tu kupata wekundu chini, kama mtu aliyepaka hina kidogo, hiyo ndiyo ya Kongowea: itaivia njiani.

Nilikaa kimya nikigeuza nyanya, na mara nikakumbuka mikono ya mamangu. Miaka yote alikuwa akinunua nyanya Kongowea za kutia katika mbaazi, na muuzaji akisema "hizi za Mwea, mama, hizi ndizo ngumu," naye akizigeuza vivyo hivyo kwa kidole gumba. Nilikuwa nimekula nyanya za watu hawa tangu nikiwa mdogo. Mara ya kwanza tangu Septemba nilihisi kuna uzi kati ya Kagio na Kisauni, na kwamba mimi si kitu kilichodondoka tu njiani.

Siku ya tatu yule mama aliniona ninahesabu kimoyomoyo, akanikabidhi daftari lake la jalada gumu. Hesabu zake zilikuwa sahihi lakini zimeandikwa kila mahali, pembeni, nyuma, juu ya nyingine. Nikapiga mistari: tarehe, shamba, idadi ya makreti, daraja, alama ya kreti, aliyepeleka, bei. Kila kreti la kwake lilikuwa na mstari wa buluu uliopakwa kwenye mbao ya ubavuni. Wabebaji walinihesabia kwa Kikuyu kwa sauti ya juu, nami nikajifunza kuandika kwa kasi yao: imwe, igiri, ithatu, inya. Nane kwa Kikuyu ni inyanya. Wiki ya kwanza kila walipofika hapo nilisimamisha kalamu, nikidhani wameanza kuzungumzia mzigo wenyewe. Wale wanawake watano wakaligundua, wakawa wanangoja nane ifike ili waniangalie, na siku moja nikacheka nao. Hakuna aliyekuwa ameniambia nicheke.

Makubaliano yetu yalikuwa hivi: kodi sitalipa, na kila jioni napata shilingi 200.

Februari ilipokuwa katikati, siku moja saa moja jioni, tumekaa juu ya makreti matupu, simu ya yule mama ikalia. Ni mnunuzi wake wa Kongowea, mzee mmoja ambaye walikuwa hawajaonana uso kwa uso miaka yote waliyofanya biashara. Alikuwa amepokea makreti 38 asubuhi hiyo. Alidai 11 yameharibika na kwamba atayakata katika malipo. Mama akaanza kujibu kwa Kiswahili chake cha haraka, kilichochanganyika na Kikuyu pale hasira ilipozidi. Yule mzee naye akamwaga Kimvita chake. Niliwasikia wote wawili. Kila mmoja alikuwa akisema jambo la maana na hakuna aliyekuwa akimsikia mwenzake. Mzee akakata simu.

Mama akaitazama ile simu. Makreti 11 yalikuwa fedha ya wiki nzima. Akabonyeza namba tena, na badala ya kuiweka sikioni kwake akaninyooshea mimi.

"Mombasa, ongea na watu wako."

Simu ilikuwa ya moto, ina unga wa majani ya mnyanya kwenye vibonyezo. Ninakumbuka kwamba nilitaka kuirudisha. Ninakumbuka pia kwamba daftari lilikuwa wazi mapajani mwangu, ukurasa wa siku mbili nyuma, makreti 38 yameandikwa moja moja kwa mwandiko wangu.

"Halo!" sauti ikasema.

"Shikamoo mzee."

Kimya. Kisha: "Marahaba. Nani wewe?"

"Ni mtoto wa Kisauni, mzee. Niko huku Kagio, nasoma."

"Kisauni ya wapi?"

"Mlaleo."

"Mlaleo kwa nani?" Nikamtajia marehemu babu. Alimjua, walikuwa wakiswali msikiti mmoja siku za Ijumaa. Aliniuliza hali ya nyumbani, nikamuuliza hali ya Kongowea, mvua, joto, afya yake. Mama alikuwa akinikodolea macho, fedha zake ziko hewani na sisi tunaulizana habari za marehemu. Lakini hivyo ndivyo kwetu tunavyofika kwenye jambo, na mzee yule alikuwa amezungumza na Kagio miaka mingi bila kusalimiwa ipasavyo hata mara moja.

Alipomaliza nikamwambia, "Mzee, hizo 11 zina alama gani ubavuni?"

"Alama?"

"Zetu zina mstari wa buluu."

Nikasikia ndara zake zikienda, na mtu akiambiwa alete taa. Tulingoja. Mama hakupumua. Mzee akarudi.

"Saba zina rangi nyekundu. Nne ndizo za buluu."

"Basi zetu ni nne, mzee. Zile saba ni mzigo wa mwingine uliopanda lori moja na wetu."

Akafikiri. "Na hizo nne?"

Nikaangalia daftari. Nne hizo zilitoka shamba moja, na nilikuwa nimeandika pembeni kwamba tulizichagua jioni, stima ikiwa imepotea, kwa mwanga wa simu. "Hizo kata, mzee," nikasema. "Ni kosa letu."

Mama alinishika goti kwa nguvu, kama anataka kunizuia, kisha akaliachia. Siku iliyofuata mzee akalipa makreti 34 kwa M-Pesa bila kupunguza hata shilingi, na akaomba kwamba kuanzia sasa anayempigia awe yule mtoto wa Mlaleo.

Kuanzia hapo kila jioni nilipiga simu Kongowea. Wafanyabiashara wengine wakasikia, wakaja kuniomba niwapigie na wao. Nilikuwa na sauti, na ilikuwa ile ile iliyonikimbia ukumbini. Nimelitafakari sana jambo hili tangu siku zile, na naona ukumbini niliambiwa nijiseme mwenyewe, na mimi sikulelewa kujisema. Sokoni nilitumwa. Mtoto wa kwetu akitumwa na mkubwa huenda, hata usiku, hata mbali, na haya zake haziwi kizuizi. Ndizo zilizomfanya mzee yule wa Kongowea anisikilize.

Katika wiki hizo mwanafunzi mwenzangu kutoka Nyeri, yule aliyesema kwa niaba yangu ukumbini, alipita Kagio akanikuta na daftari. Kwao ni upande wa Tetu, si mbali na Ihithe alikozaliwa Wangari Maathai, na alijivunia hilo kuliko kitu chochote. Alinipa kitabu cha maisha ya Wangari nikisome mgomo ukiendelea. Mwaka 1960 Wangari alikuwa miongoni mwa mamia ya vijana wa Kenya waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani, safari zilizoandaliwa na kina Tom Mboya, na akapelekwa mji mdogo wa Atchison, Kansas, katika chuo cha masista wa Kibenedikto. Wengine husoma hapo wakaona ujasiri. Mimi niliona kwamba alikuwa ametoka Loreto Limuru, kwa masista. Alivuka bahari na kuwakuta masista tena. Mimi nilipanda bara, nikazikuta nyanya za mamangu. Alipopita tena nilimrudishia kitabu chake, na tukazungumza hadi matatu ya mwisho ya kwenda Karatina. Urafiki wetu ulianza jioni hiyo, ingawa tulikuwa tumekaa darasa moja tangu Septemba.

Jumapili moja yule mama alinipeleka kuona mashamba ya mpunga upande wa Mwea. Tulisimama kando ya mfereji, maji yakipita kimya, ndege weupe wamesimama tope likiwafika magotini. Aliniambia babake alikuwa mmoja wa waliochimba. Mradi wa Mwea ulianzishwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, na wafungwa wa Mau Mau ndio waliotumiwa kuchimba mifereji hiyo. Alisema babake hakupenda kuzungumza, hata na watoto wake, lakini kila Jumapili alitembea kando ya maji haya. "Alikuwa mtu wa kunyamaza, kama wewe," akaniambia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Kirinyaga kunitajia ukimya wangu bila kuutafutia dawa. Nikamjua zaidi yule mama, na nikajua kwa nini alinipa miezi minne.

Mgomo uliisha 13 Machi 2017, baada ya siku 54. Masomo yakarudi kwa kishindo, na kulikuwa na mengi ya kufidia. Darasani niliendelea kukaa nyuma. Sikugeuka msemaji, hata leo sipendi kusimama mbele ya watu. Nilipoulizwa nilijibu, nisipoulizwa nilinyamaza, na wenzangu wakazoea kwamba Mombasa akisema amesema. Lakini jioni ya siku ya kwanza masomo yaliporudi, matatu ilipokaribia nyumbani na hakuna abiria aliyeinuka, nilisema, "Shukisha." Kondakta akagonga bodi, gari likasimama. Hakuna aliyenitazama. Nilishuka, nikasimama kando ya barabara hadi gari likapotea, na moyo ulikuwa unanidunda kama nimekimbia kutoka Kutus.

Mwezi Juni niliposhuka nyumbani nilipanda Madaraka Express, ambayo ilikuwa imezinduliwa siku chache tu kabla, 31 Mei 2017. Tikiti ilikuwa shilingi 700. Mamangu alikuja kunipokea stesheni ya Miritini. Kesho yake nilimpeleka Kongowea, kwa yule mzee, nikamsalimu kwa mkono. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Pembeni yake kulikuwa na makreti yenye mstari wa buluu, na mamangu akachagua nyanya zake humo, akizigeuza kwa kidole gumba. Mzee alikataa kupokea fedha zake.

Nilikaa Kagio miaka yangu yote minne, chumba kile kile. Sasa ninafanya kazi ya hesabu hapa Mombasa, na lile daftari la mwaka wa kwanza ninalo. Yule mama amekuwa mtu mzima. Biashara anaiendesha binti yake, lakini yeye hakosi sokoni. Huwa ninampigia Jumamosi. Wiki iliyopita alipopokea hakungoja niseme lolote. "Marahaba, kamwana," akasema, kisha akaniuliza Kongowea kreti ni pesa ngapi leo.